Uwanja wa Mbele wa Nyumba: Namna ya Kuurudishia Maji, Kivuli na Harufu

Uwanja wa mbele wa nyumba, yaani eneo lililo kati ya mlango mkubwa na barabara au ukuta wa mtaa, ndiyo sehemu ya makazi inayotazamwa na watu wengi zaidi, lakini ndiyo hufikiriwa mwisho, wakati fedha za ujenzi zimekwisha na mwenye nyumba amekwishachoka na mafundi. Katika Dar es Salaam matokeo yake yanaonekana katika mitaa mingi: ama uwanja hubaki mtupu, ukitoa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, ama hufunikwa wote kwa saruji na vitofali vya pevingi kuanzia kizingitini hadi getini, kwa imani kwamba uwanja safi ni ule ambao udongo wake hauonekani. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti: kwamba katika mji wa pwani wenye joto, unyevu na misimu miwili ya mvua, uwanja mzuri ni ule unaopangwa kwa kuanza na maji, kisha kivuli, kisha njia za kupita, na maua yakaja mwisho; na kwamba mpangilio huo humfaa mwenye nyumba, jirani yake na mji mzima, wala hauhitaji utajiri.

Mbele ya nyumba katika desturi za Afrika Mashariki

Wakazi wa pwani hawakuanza jana kuiheshimu sehemu ya mbele ya nyumba. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na mwaka 2001, nyumba nyingi hazina bustani mbele kwa sababu vichochoro ni vyembamba, lakini zina baraza, ambayo ni benchi la mawe na chokaa lililoshikamana na ukuta wa nje, na nyumba za Lamu zina pia daka, yaani ukumbi mdogo ulioezekwa mbele ya mlango na wenye viti vya mawe kila upande. Hapo ndipo mgeni hupokelewa kabla ya kukaribishwa ndani na wazee huketi jioni kuzungumza, huku faragha ya familia ikilindwa pasipo kumfungia jirani mlango. Vijijini, uwanja wa udongo unaofagiliwa kila asubuhi una sababu zake za msingi, kwa kuwa nyoka na tandu huonekana mapema, nafaka hupata pa kuanikwa, watoto hupata pa kuchezea, na mti mmoja mkubwa, mara nyingi mwembe au mkungu, huwapa wote kivuli. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga wamezoea kupakana kwa masale, mimea ya jamii ya drasena yenye majani marefu ya kijani, ambayo kwao ni alama ya mpaka na vilevile ishara ya amani na ya kuombana radhi.

Zama za ukoloni ziliongeza sura nyingine. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893 na taasisi ya utafiti ya Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, na katika vituo vya aina hiyo miti na mimea ya mabara mengine ilioteshwa na kufanyiwa majaribio. Baadaye maeneo kama Oysterbay yakajengwa kwa nyumba zilizokaa katikati ya viwanja vikubwa vyenye nyasi na miti ya kivuli. Mji wa leo umebanana kuliko huo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.38. Familia nyingi sasa zinajenga juu ya kiwanja cha mita 20 kwa 20 au pungufu ya hapo, na katika nafasi hiyo ndogo lazima pia papatikane pa kuegesha gari, pa kuweka tangi la maji na pa kuchimba shimo la majitaka. Ndiyo maana kila mita ya mraba inayobaki mbele ya nyumba inastahili kufikiriwa kwa makini.

Kuisoma ardhi kabla ya kununua miche

Kosa linalogharimu zaidi katika kazi ya bustani ni kwenda kununua miche kabla ya kuijua ardhi itakayopandwa. Udongo wa Dar es Salaam haufanani kila mahali: karibu na bahari, kama Kigamboni na Mbezi Beach, aghalabu ni kichanga kinachopitisha maji haraka na kushika rutuba kidogo, ilhali kwenye miinuko ya kuelekea Pugu, ambako hupatikana hata kaolini, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, ardhi hushika maji muda mrefu na hupasuka inapokauka. Penye mwamba wa matumbawe chini, udongo huwa na chokaa nyingi, na hali hiyo huizuia mimea ya jamii ya mchungwa na mlimau kufyonza madini ya chuma, kiasi kwamba majani yake machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani.

Jaribio moja rahisi humwonyesha mwenye nyumba tabia ya ardhi yake. Huchimbwa shimo lenye upana na kina cha sentimeta 30, likajazwa maji hadi juu, likaachwa yanywee, kisha likajazwa mara ya pili na muda ukahesabiwa. Maji yakitoweka mara moja, udongo ni kichanga na unahitaji mboji, yaani mabaki ya mimea na samadi yaliyooza vizuri, ili uweze kushika unyevu. Yakinywea kwa saa chache, ardhi inafaa kwa mimea mingi. Yakiwapo hata siku ya pili, mahali hapo hapafai kwa mti usiopenda kusimama majini, na maji yake yanahitaji kuelekezwa kwingine.

Jambo la pili la kusoma ni jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa Machi na katika nusu ya kwanza ya Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi huegemea kusini, na miezi mingine huegemea kaskazini. Ukuta unaotazama magharibi ndio unaoteseka zaidi mwaka mzima, kwa sababu hupigwa na jua la alasiri wakati hewa yenyewe imekwishapata joto. Nyumba ambayo mbele yake ni magharibi inahitaji mti kabla ya kuhitaji ua lolote, na ile inayotazama mashariki inaweza kuridhika na mimea mifupi, kwa kuwa jua lake ni la asubuhi na si kali sana.

Maji ya mvua kama msingi wa mpangilio

Dar es Salaam hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi yake ikinyesha katika masika ya Machi hadi Mei na nyingine katika vuli ya Oktoba hadi Desemba, na mwezi wa Aprili peke yake huleta takriban milimita 250. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na kwa kipimo hicho mvua ya milimita 50 ikinyesha katika siku moja juu ya kiwanja cha mita 20 kwa 20 hushusha lita 20,000. Kiwanja chenye udongo wazi na mimea hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Kilichoezekwa na kusakafiwa chote huyatoa karibu yote barabarani. Viwanja 1,000 vya namna hiyo katika mtaa mmoja humwaga lita milioni 20 kwa siku, nayo maji hayo hufuata mteremko hadi kwa wanaoishi mabondeni. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wanaifahamu hesabu hii kwa uchungu: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kusababisha familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande. Mafuriko yana sababu nyingi, zikiwamo mito kujaa taka na watu kujenga mabondeni, lakini ardhi iliyozibwa kwenye miinuko ni mojawapo, na ndiyo ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuipunguza ndani ya geti lake.

Hatua ya kwanza ni kupunguza eneo lililofunikwa. Njia ya gari yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 8 ina mita za mraba 24. Lakini gari hukanyaga kwa magurudumu tu, kwa hiyo mistari miwili ya zege au vitofali, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimeta 60, inatosha kulibeba, nayo huchukua mita za mraba 9.6 na kuacha 14.4 kwa nyasi au kokoto. Penye ulazima wa kuweka pevingi, vitofali vilazwe juu ya tabaka la kokoto na mchanga, na viungo vyake vijazwe mchanga badala ya saruji, ili maji yapate upenyo wa kushuka. Mteremko wa sakafu uelekezwe kwenye mimea, wala usielekezwe kwenye ukuta wa nyumba au moja kwa moja barabarani.

Hatua ya pili ni kuchimba bustani ya mvua, yaani bonde dogo lililotengenezwa kwa makusudi ili lipokee maji ya paa, liyashike kwa muda na kuyaacha yanywee ardhini. Bonde hilo huwa na kina cha sentimeta 15 hadi 20, hukaa walau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali na shimo la majitaka, na hupandwa mimea inayovumilia kulowa na kukauka, kama vile kana na mchaichai kandokando yake. Ukubwa wake hukokotolewa kwa urahisi: upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 60 ukipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,200, na bonde la mita za mraba 8 lenye kina cha sentimeta 15 hubeba kiasi hichohicho. Ardhi inayopitisha maji vizuri hulikausha bonde ndani ya siku moja au mbili, muda ambao hautoshi kwa mbu kukua kutoka yai hadi kuruka.

Hatua ya tatu ni kuvuna. Paa la mita za mraba 120 lenye mabati na mifereji iliyofungwa vizuri linaweza kukusanya katika mwezi wa Aprili pekee zaidi ya lita 20,000, hata baada ya kutoa kiasi kinachopotea na maji ya mwanzo yanayoosha vumbi. Akiba hiyo ina thamani kubwa, kwani mji unategemea kwa kiwango kikubwa Mto Ruvu, na mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha mto huo kiliposhuka, wakazi waliishi kwa mgawo wa maji. Maji ya visima nayo, katika maeneo ya karibu na bahari, mara nyingi huwa na chumvi, na mtu anayeyatumia analazimika kuchagua mimea inayoistahimili, kama mnazi, mvinje na bogenvilia.

Mti kwanza, ua baadaye

Baada ya maji hufuata kivuli, nacho huletwa na mti uliochaguliwa kwa kuangalia ukubwa utakaoufikia utu uzima, si ukubwa ulionao siku ya kununuliwa. Mti hupoza uwanja kwa njia mbili: hulizuia jua lisifike ardhini na ukutani, na hutoa unyevu kupitia majani yake, jambo ambalo hupunguza joto la hewa inayouzunguka. Vitofali na saruji hufanya kinyume chake, kwa maana hulihifadhi joto la mchana na kuendelea kulitoa usiku, wakati watu wanatafuta usingizi.

Kwa uwanja mdogo, miti inayofaa ni ile isiyokua sana, kama mpera, mkomamanga, mstafeli na mlimau, ambayo inaweza kupandwa mita 3 hadi 4 kutoka ukutani na ikadhibitiwa kwa kupogolewa, yaani kukatwa matawi kwa mpango, huku ikiipatia familia matunda. Mkungu, wenye matawi yanayotanda kwa ngazi kama miavuli iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, ni mti bora wa barazani, lakini hukua sana na kudondosha majani mengi, hivyo unafaa uwanja mpana. Mwembe nao unahitaji nafasi ya mita 8 hadi 10 kutoka kwenye jengo. Mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska na ambao huvaa maua mekundu karibu na mwisho wa mwaka, unapendeza kuutazama, ila mizizi yake hutambaa juujuu na huinua sakafu na kuta, kwa hiyo hauna mahali katika kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mwarobaini, ulioletwa kutoka Bara Hindi na kuzoea pwani kabisa, huvumilia ukame na udongo duni, lakini nao ni mti mkubwa. Miashoki, ile miti myembamba mirefu inayopangwa mstari mmoja kando ya kuta nyingi za mjini, hukinga macho ya wapita njia na kupunguza vumbi, lakini kivuli chake ni kidogo, na anayetafuta pa kukaa jioni hatakipata chini yake.

Upandaji una kanuni zake. Shimo liwe na upana na kina cha sentimeta 60, udongo wa juu uwekwe kando na ule wa chini, kisha wa juu uchanganywe na mboji na urudishwe kwanza kuizunguka mizizi. Mche usizikwe chini zaidi ya ulivyokuwa kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa, na kiriba chenyewe lazima kiondolewe. Juu huwekwa matandazo, ambayo ni tabaka la majani makavu, pumba za mpunga au makumbi ya nazi, lenye unene wa sentimeta 5 hadi 8, lisiloligusa shina; tabaka hilo huzuia jua lisikaushe udongo na hupunguza magugu. Mti uliopandwa mwanzoni mwa masika hupata miezi mitatu ya kushika mizizi bila gharama, na baada ya hapo unahitaji lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi chake cha kwanza.

Mimea ya maua na ya harufu

Bustani za maua za mjini zimetawaliwa na mimea michache inayouzwa kila mahali, na mingi yake imetoka mbali. Bogenvilia, kwa mfano, asili yake ni Amerika Kusini. Ilikusanywa na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson huko Rio de Janeiro mwaka 1767, alipokuwa katika msafara wa baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo lililopewa mmea huo. Sehemu zake zenye rangi ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kijiti cheupe kilicho katikati. Mmea huu huchanua vizuri zaidi ukinyimwa maji kidogo, na wanaoumwagilia kila siku kisha wakalalamika kwamba hautoi maua wanapaswa kupunguza maji na kuupatia jua la kutosha.

Hata hivyo, ardhi ya Afrika Mashariki ina hazina yake. Ua la Usambara, lenye majani ya manyoya laini na petali za zambarau, lilipelekwa Ulaya na ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, na leo hupamba madirisha ya nyumba duniani kote, ingawa kwao hukaa kwenye miamba yenye kivuli na ubaridi, hivyo katika joto la pwani hufaa kibarazani pasipopigwa jua. Impatiensi, mmea mdogo wa kivulini wenye maua ya waridi, mekundu na meupe, ni mwenyeji wa ukanda huu, na uliwahi kuitwa kisayansi Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Adeniamu, yaani waridi la jangwani, lenye shina nene linalohifadhi maji, huota lenyewe katika nyika kavu za Afrika Mashariki na hustawi kwenye chungu kinachosahauliwa kumwagiliwa.

Zaidi ya rangi, uwanja wa Mswahili ulikuwa na harufu. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wa mimea wameuita kisayansi Mkilua fragrans, wakilichukua jina la Kiswahili kama lilivyo. Ua lake, pamoja na asumini, afu na mrehani, hutumika katika vikuba, vile vishada vya maua ambavyo wanawake hubandika kwenye nguo au nywele katika harusi na sherehe nyingine. Mlangilangi, uliotoka kusini mashariki mwa Asia, hutoa harufu yake kwa wingi usiku. Mtu anayepanda asumini karibu na dirisha la sebule, mrehani na mchaichai kando ya njia, na mkilua katika kona yenye kivuli hafifu, anapata bustani inayojulikana hata gizani, na anaendeleza maarifa ambayo yanafifia kadiri nyumba zinavyoongezeka na miche hiyo inavyopungua vitaluni. Wenye vitalu, wakiwamo wale waliopanga miche yao kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, wataiotesha kwa wingi endapo wateja wataiulizia.

Tahadhari moja ni ya lazima. Utomvu wa mnyaa, mmea unaotumiwa mara nyingi kuwa uzio, huunguza macho vibaya sana. Utomvu wa adeniamu una sumu ambayo wawindaji wa zamani waliitumia kwenye mishale. Na kila sehemu ya olianda ina sumu. Nyumba yenye watoto wadogo inapaswa kuiepuka mimea hiyo au kuiweka mahali wasipofika, na anayeipogoa ajikinge mikono na macho.

Nyasi, njia na baraza

Nyasi huvutia macho lakini hudai maji. Uwanja wa nyasi wa mita za mraba 100 ukipewa milimita 25 kwa wiki wakati wa kiangazi hunywa lita 2,500, kiasi ambacho familia nyingi haziwezi kukitoa bila kujinyima. Kwa hiyo ni busara nyasi ziwekwe pale tu zitakapokaliwa au kuchezewa, na sehemu nyingine zifunikwe kwa mimea inayotambaa au matandazo. Chini ya miti hufaa nyasi za Pemba, zenye majani mapana na zinazovumilia kivuli na hewa ya chumvi. Penye jua kali na miguu mingi hufaa ukoka. Na penye maji ya chumvichumvi hufaa paspalamu ya pwani.

Njia ya kutoka getini hadi mlangoni iwe na upana wa walau mita 1.2, ili watu wawili wapishane na mzee apite akiwa ameshikwa mkono. Penye ngazi, ni vyema pawepo pia mteremko wa kiti cha magurudumu, ambao kipimo chake kinachokubalika ni sentimeta 12 za urefu kwa kila sentimeta 1 ya kimo. Ngazi yenye kimo cha sentimeta 45, kwa mfano, huhitaji mteremko wa mita 5.4. Gharama hiyo ni ndogo wakati wa kujenga na kubwa wakati wa kubomoa.

Baraza nalo linastahili kurudi. Benchi la matofali lenye kimo cha sentimeta 45, lililojengwa chini ya mti au kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri, huugeuza uwanja kuwa chumba cha kupokelea wageni. Uzio wenyewe si lazima uwe ukuta mtupu wa juu. Ukuta wa kimo cha wastani wenye matofali ya matundu kwa juu hupitisha upepo wa bahari, na uzio wa michongoma iliyokatwa vizuri hulinda kwa miiba yake huku ukihifadhi ndege. Usalama huongezeka pale majirani wanapoweza kuona kinachotendeka mbele ya nyumba, na kwa sababu hiyo vichaka vilivyo chini ya madirisha visizidi kimo cha mita moja, na taa ndogo za sola ziangaze njia na lango. Ukuta wowote uachiwe matundu ya kupitishia maji chini, la sivyo mvua kubwa itaufanya uwanja kuwa bwawa na hatimaye kuuangusha ukuta huo.

Utunzaji kwa majira ya mwaka

Bustani huishi kwa ratiba. Februari ni mwezi wa kuchimba mashimo, kusafisha mifereji ya paa na kuandaa mboji. Mvua za kwanza za Machi zikishalowesha ardhi, miti na vichaka hupandwa. Juni, masika yanapokwisha na upepo wa kusi kukausha udongo, matandazo huongezwa. Septemba ni wakati wa kupogoa, na vuli ya Oktoba na Novemba hutoa nafasi ya pili ya kupanda mimea midogo na kuziba mapengo. Januari yenye joto kali ni ya kumwagilia alfajiri au jioni, kwa kulowesha mizizi kwa kina mara chache badala ya kunyunyizia juujuu kila siku.

Kila wiki, bila kujali majira, vyombo vyote vinavyoshika maji vinapaswa kukaguliwa na kumwagwa: visahani vya vyungu, ndoo, makopo na matairi ya zamani. Mbu aina ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengue, hutaga katika maji machache ya namna hiyo, na mayai yake hukua hadi mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huo, ikiwamo ya mwaka 2014 na 2019. Bustani isiyokaguliwa inaweza kuwa chanzo cha maradhi kwa mtaa mzima, na kwa hiyo dakika chache za kumwaga maji yaliyotuama ni wajibu kwa majirani.

Kazi yote hii inaweza kugawanywa kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza ukitosha kuelekeza maji na kupanda mti mmoja, wa pili ukatengeneza njia na baraza, na wa tatu ukaleta maua, mwenye kipato cha kawaida hatalemewa. Mpangaji, ambaye hana mamlaka ya kuchimba wala kubomoa, anaweza kutumia vyungu, ndoo zilizotobolewa chini na viroba, akavihamisha siku atakapohama. Na asumini iliyo ndani ya ndoo hunukia sawa na ile iliyopandwa ardhini.

Uwanja wa mbele ni mali ya mtu mmoja lakini athari zake ni za umma, kwa kuwa maji yake huishia kwa jirani, kivuli chake huwafikia wapita njia, na mbu wake hawatambui mpaka. Wenye nyumba wanaojiandaa kusakafia uwanja wote kabla ya masika yajayo wanaombwa wasitishe kazi hiyo kwa muda, wapime mteremko, waache walau nusu ya ardhi wazi, na wapande mti mmoja unaolingana na kiwanja chao. Mafundi na wachoraji wa ramani nao waanze kuuonyesha uwanja huo kwenye michoro yao tangu siku ya kwanza, kwa sababu nyumba haijakamilika mpaka ardhi iliyo mbele yake ipangiwe kazi.